Heri Kipasuke Kinyunya

Sogeeni, wanangu, mkae pale mkono wangu unapofika. Wewe Kiberiti, lilete lile panga la kupogolea ulilolificha nyuma ya mlango ukidhani mama yako amelala. Liweke hapa miguuni pangu, juu ya shuka, niusikie uzito wake. Hivyo. Sasa hakuna mwenye silaha humu ndani isipokuwa mimi, na mimi siwezi kumwua hata nzi. Wewe dada yao, funga mlango lakini dirisha liache wazi, maana chumba kinanuka maua ya langilangi toka kwenye nguo zenu, na harufu hiyo ikifungiwa ndani humwumiza kichwa hata aliye mzima, sembuse anayekata roho.

Sitaki kilio. Kilio kina siku yake, na haiko mbali. Nimewaita kwa sababu nina masikio. Kufuli, ulipokuwa unafungwa bandeji hapo ukumbini, nilikusikia ukisema, "Acha mama afumbe macho, tutamalizana." Na wewe Kiberiti, huku unatema damu ndani ya ndoo, ukamjibu kaka yako, "Sitachelewa." Maneno hayo ndiyo yaliyonizuia. Ningekuwa nimeshakwenda zangu, nimechoka, mwili huu umekuwa kama gunia lililomwagwa nafaka. Nimebaki kwa kuwa mmeshapanga kuuana na mnangoja tu mimi nitoke njiani.

Basi kabla sijatoka, nitayasema yaliyotokea mbele yenu wote, kwa sababu kila mgomvi huanza hadithi yake pale alipopigwa, haanzi pale alipopiga.

Ilianzia kwenye chupa. Kiberiti, ulikuja bandani, kwenye mtambo wetu wa kupikia mafuta ya langilangi, ukitaka mafuta ya kwanza yote, yale yanayotangulia kuchuruzika toka kwenye bomba, mepesi, yanayonukia kuliko yote yanayoyafuata, ukasema anayechuma maua alfajiri na kulowa umande ndiye mwenye haki nayo. Huenda ulikuwa na haki. Kufuli hakukujibu, na yeye hajibu kamwe, ndiyo maana akapewa jina hilo. Hukaa kimya mpaka mwenzake ajione mwendawazimu. Ukalipiga teke kreti la chupa za kahawia, zote zikavunjika. Dada yenu akavizoa vigae kwa mikono yake, vidole vikimchuruzika damu, na ninyi wanaume wawili mkapita juu ya vigae hivyo na viatu vyenu, hakuna aliyeshika ufagio.

Mafuta ya siku ile yakakosa chombo. Kufuli, kinywa chako kilikuwa kizito hata kumwomba dada yako akatafute chupa nyingine. Ukachukua chupa ya plastiki ya sharubati, ukayatia humo, ukaiacha dirishani juani bila alama yoyote. Yote niliyowakataza tangu mkiwa watoto ukayafanya kwa mkono mmoja. Plastiki huliwa na mafuta haya, jua huyachosha, na chupa ya kinywaji ni mtego hata ukiwa hukumkusudia mtu. Rangi yake njano, imetulia, inaita. Binti wa Kiberiti akapita, mtoto ana kiu, akadhani ni sharubati.

Alikunywa funda moja. Mimi nilikuwa nimelala hapa hapa, nikamsikia anakohoa, kisha nikasikia jirani anapaza sauti, "Mtapisheni! Mtapisheni!" Nikapiga kelele, msimtapishe, msimtapishe, lakini sauti yangu siku hizi haivuki hata mlango. Kufuli, ukamtia mtoto kidole kooni. Najua ulitaka kumwokoa. Nilikusikia ukilia huku ukifanya. Mafuta yakishuka tumboni yana hatari yake, lakini yakipandishwa tena yakakosea njia na kuingia mapafuni, mtu huzama akiwa nchi kavu. Midomo ya mtoto ikawa rangi ya jivu. Kama si yule dereva wa lori la mkaa aliyesimama barabarani akampakia mbele, leo tungekuwa tumeshazika, na msingekuwa na haja ya kuningoja mimi.

Mungu amemrudisha. Yuko kwa mama yake, anakohoa, lakini jana alicheka. Kiberiti, umesikia? Amecheka. Wewe hukuwapo, ulikuwa unanoa panga.

Ulitoka hospitali moja kwa moja hadi bandani. Mtambo ulikuwa motoni. "Toka nje, Kufuli! Leo nakufungua!" Na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi Kufuli akajibu, na kati ya maneno yote aliyoyaweka moyoni akachagua haya: "Njoo basi, kiberiti kilicholowa!" Panga likashuka. Kufuli, ukainua mkono wa kushoto, mwanangu, na vidole vyako viwili vikaangukia ndani ya kapu la maua yaliyokuwa yanangoja zamu yake. Dada yenu aliniambia hakuvitambua mara moja, kwa sababu petali za langilangi nazo ni ndefu, zimejikunja, zina manjano. Alivitambua kwa kucha. Kwa mkono uliobaki ukashika chuma cha kuchochea moto, ukampiga ndugu yako mdomoni mpaka meno yakasikika yakigonga pipa. Mtungi wa mafuta ukapinduka, mafuta yakakimbilia mdomo wa tanuri, na moto ukarudi nayo ukitambaa sakafuni huku ninyi mmekabana chini kama majogoo, miali inawala viatu nanyi hamna habari. Dada yenu ndiye aliyemwaga mchanga. Alimwaga mchanga, hakumwaga maji, maana yeye alisikiliza nilipofundisha kwamba maji huyabeba mafuta yanayowaka na kuyatembeza.

Nani mwenye kosa? Mmoja alivunja chupa, mwingine akatumia chupa isiyofaa. Mmoja aliongea mno, mwingine akanyamaza mno. Nimelala nikiwapima siku zote hizi, na mizani yangu haijaegemea upande.

Nipeni maji kidogo. Kwa kijiko. Basi, inatosha.

Mnadhani ninyi ndio wa kwanza kumwaga damu katika banda lile? Baba yenu alikufa pale. Mnajua. Lakini mnajua kwa namna ya mtaani, kwamba baba yenu mdogo alimwua kaka yake ili arithi mtambo. Nilikanusha mkiwa wadogo, nikakanusha mlipokuwa wakubwa, lakini chuki ni tamu kuliko ukweli, na watoto wa mtaani walipomwita yule mzee Ukoko kwa sababu ya uso wake ulioungua, ninyi mlicheka nao. Leo mtanisikiliza, kwa kuwa maneno ya anayekufa hayakatizwi.

Baba yenu alikuwa kama Kiberiti. Mkono wake haukujua kiasi. Maua yalitakiwa yalale ndani ya pipa kwa ulegevu, yamwagwe tu kama mtu anavyotandika godoro, mvuke upite katikati yake na kuibeba harufu. Yeye aliyashindilia kwa ngumi na goti ili pipa lichukue mengi. Mdogo wake alikuwa kama Kufuli. Hakupenda kitu kipotee. Mvuke ukivuja kidogo pembeni mwa kifuniko, aliona kama damu yake ndiyo inayovuja.

Mnajua tunavyoziba kifuniko. Unga wa ngano uliokandwa kwa maji, kinyunya laini, tunakizungusha ukingoni na kukibana kwa vidole, moto unakikausha na kukishika. Wageni wakija hucheka, "Mama, hapa mnapika mafuta au mkate?" Waacheni wacheke. Kinyunya kile hakizuii mvuke tu. Bomba likiziba, mvuke ukikosa njia, kinyunya ndicho dhaifu kuliko vyote kwenye mtambo, basi hupasuka kwanza. Utasikia fyuuu, maua yataharibika, utaunguza mkono labda, utatukana, utakanda kingine. Pipa litabaki zima, na watu watabaki wazima.

Siku ile baba yenu mdogo alikuja na vyuma vya kubania na nati zake, akasema, "Kaka, unga ni wa jikoni." Baba yenu akasema, "Mtambo huu hautatiwa pingu." Wakashikana. Nilimwona baba yenu akimgonga mdogo wake kichwa ukutani, nikamwona mdogo mtu akimuuma kaka yake bega mpaka nyama ikatoka. Nikawaachanisha. Baba yenu, kwa hasira, akaenda kushindilia maua kuliko siku zote, akaruka juu yake kwa miguu. Mdogo wake, kwa hasira, akangoja kaka yake ageuke, akafunga vyuma, akakaza nati. Wala hawakuambiana. Kila mmoja alifanya lake kimya kimya ili kumkomoa mwenzake, na moto ukawashwa.

Maua yaliyoshindiliwa yalivimba, yakaziba shingo ya bomba. Na kwenye ukingo hapakuwa na kitu dhaifu cha kupasuka.

Sitawaambia ilisikika vipi. Kifuniko kilimpiga baba yenu kifuani kikamtupa hadi kwenye birika la maji ya kupozea bomba, na maji ya moto na maua yaliyopikwa yakamwangukia. Nililokuja kusema ni hili: baba yenu mdogo alikuwa nje. Alikuwa mzima, hana hata mkwaruzo. Aliingia ndani ya mvuke ule kwa miguu yake, mara ya kwanza akarudi, mara ya pili akatoka na kaka yake mabegani, na uso alioingia nao sio aliotoka nao. Anayeua ili arithi hafanyi hivyo. Hakuchukua mtambo. Hakuchukua hata chupa. Alikwenda kushona viatu kule nyuma ya soko, na mpaka leo akisikia harufu ya langilangi kwenye nywele za mteja, hutoka nje mpaka apite.

Basi mmoja alishindilia, mwingine akafunga. Hakuna aliyeua peke yake. Nimewalea ninyi nikiogopa siku nitakayoona mambo hayo kwa macho yangu tena, na nimeyaona. Kufuli, chini ya kitanda chako kuna vyuma vipya vya kubania. Usinyanyue kichwa. Mwenye kufagia chumba huona kilicho uvunguni. Vyuma vyenyewe si dhambi, mitambo ya wenzetu inavyo, lakini yao ina pumulio linalofunguka lenyewe mvuke ukizidi. Yetu haina. Vitolewe.

Sasa mali, nami nitasema kwa ufupi maana pumzi inanitoka.

Mtambo ni wa dada yenu. Pipa, kifuniko, bomba, birika, banda na kila kilicho chini ya paa lake. Msitazamane, ndiye pekee aliyezoa vigae. Nyumba hii ni yenu nyote watatu na haiuzwi mpaka watatu mkubali kwa mdomo mmoja. Shamba la milangilangi ni la ninyi wanaume, na msiligawe kwa uzio. Mti wa langilangi ukiachwa hukua mrefu, maua yakawa ya ndege. Tumeupogoa na kuuinamisha vizazi viwili ili mkono wa mchumaji uufikie. Mkigombana mwaka mmoja tu bila kupogoa, hamtachuma kitu.

Na kazi nawagawia hivi, wala si ombi. Kiberiti, tangu leo wewe hutajaza pipa. Wewe utakanda kinyunya na kuziba. Utakaa na unga na maji, na mikono yako itajifunza kwamba kuna vitu haviharakishwi. Kufuli, wewe hutaziba tena. Utajaza, utamwaga maua kwa ulegevu, na uyaache yapumue. Kila mmoja nimempa kazi inayoichukia tabia yake. Na moto usiwashwe mpaka mmoja amuulize mwenzake kwa sauti, "Umejazaje?" na mwenzake aulize, "Umezibaje?" na wote wajibu. Kufuli, ukinyamaza, dada yako asiwashe.

Lakini sikieni hili zaidi ya mengine. Msimfanye dada yenu kinyunya chenu. Miaka yote hii mimi ndiye niliyekuwa katikati, ninyi mkipandisha mvuke mimi napasuka, mnatulia, najikanda tena. Nimekauka. Na najua mlichokuwa mkikiwaza: mama akiondoka, dada atashika nafasi. Hapana. Yeye ana mtambo, hana deni la kuwatenganisha wanaume wenye ndevu. Kati yenu wawili mmoja ajifunze kupasuka kwanza. Kupasuka ni kusema nimekosa kabla hujathibitishiwa. Leo awe huyu, kesho awe yule. Nyumba ambayo wote ni chuma haina mlango wa mvuke.

Mafuta yenyewe... ee, niyaseme, maana kuna watakaowajia nikiwa udongoni wakisema mama yenu alikuwa akiwapa. Yeyote akija, mpeni kama nilivyompa mimi. Wanawake wanaotaka ya nywele, matone machache ndani ya mafuta ya nazi, msiwape makali yenyewe, ngozi huwaka. Wajaribu kwanza kwenye kiwiko cha ndani, walale nayo, kesho ndiyo wapake kichwani. Mzee ambaye moyo unamwenda mbio, atie tone kwenye kitambaa anuse, apumzike, lakini vidonge vyake vya hospitali asiache. Harufu humtuliza mtu, haimtibu. Mwenye mimba asipewe hata akibembeleza. Watoto wadogo wasipakwe. Asinywe mtu, hata aje na hadithi ya bibi yake aliyekunywa akaishi miaka mia. Tone likiingia jichoni, maji safi mengi kisha hospitali. Akinywa mtoto... mnajua sasa. Msimtapishe. Mkimbizeni, na chupa muichukue mkononi, daktari aione. Chupa ni za kahawia, zijae mpaka shingoni, zifungwe, ziwekwe gizani kwenye ubaridi, kwenye kabati lenye ufunguo, mbali na moto. Na kila chupa iwe na alama ambayo hata asiyejua kusoma ataiogopa.

Nasikia baridi. Nifunikeni miguu. Panga liacheni.

Siku ya kunizika mtakwenda nyuma ya soko, wawili, bila dada yenu, mtamwambia baba yenu mdogo kwamba shemeji yake amesema asimame mbele, karibu na kichwa changu. Mkimwita lile jina tena... Mwiteni baba. Siku hiyo nguo zenu zisiwe na harufu ya langilangi, ili asikimbie. Na mimi msinipake. Nimenukia vya kutosha.

Wewe dada yao, lete lile bakuli la unga nililokuagiza. Liweke hapa kitandani, juu ya panga. Kiberiti, mimina maji. Kufuli, una mkono mmoja mzima, tia. Kandeni. Kandeni, nimesema, mikono yenu imegusana, na iwe. Mlishikana vibaya zaidi ya hivi. Nani analia? Asilie ndani ya unga, chumvi hukifanya kigumu. Huo ni mzaha, Kufuli. Unaweza kucheka. Kiberiti hana meno ya kuchekea.

Nipeni nikiguse... Bado. Kigumu. Ongeza maji, polepole. Polepole, mwanangu.

Radhi zangu ni zenu. Kufuli, Mungu akupe ulimi. Kiberiti, Mungu akupe subira ya mti unaoinamishwa. Na wewe, dada yao... nakuombea upumzike. Mjukuu wangu mapafu yake yawe mapana. Aliyewasha moto kati yenu asiote joto lake, na atakayeuzima kwanza... kwanza... huyo ndiye aliyenirithi.

Nani kasema nimekosa? Rudia. Sikusikia vizuri. Mwambie ndugu yako, usiniambie mimi.

Ee. Hivyo.

Kinyunya kikiwa tayari, wanangu, ukikibonyeza, alama ya kidole hubaki. Haijirudi. Shikeni mkono wangu, wote, uinueni, mimi siwezi. Pelekeni kidole gumba changu katikati. Bonyezeni nami.

Macho yangu hayaoni tena. Niambieni.

Imebaki?